Mtaro wa Mtaa Wetu Kabla ya Masika

Jumatatu, 23 Machi
Nimefungua duka, nimetundika vitenge, chai nimeinywa nimesimama. Wingu limefunga upande wa Ilala. Kila masika ni yale yale. Mvua kidogo tu, mtaro unafurika, maji machafu yanaingia dukani, vitenge vinanuka choo. Mwaka huu yakiingia tena, nafunga duka. Sina nguvu za kuanza upya. Kariakoo inaota maghorofa kila kona, mtaro ni ule ule.

Jumatano, 25 Machi
Mkutano wa mtaa. Watu wameilaumu manispaa mpaka mate yakawakauka. Nikasimama, nikasema ukweli. Kila Jumamosi ya usafi tunafunga maduka, tunafagia barabara mpaka inang'aa, na takataka zote tunazisukumia mtaroni ili bwana afya akipita aone kweupe. Kelele zikaanza. Mzee Kishor, jirani yangu wa duka la vyombo, kaniuliza, "Mama Zuhura, unautaka udiwani?" Wamecheka. Nimekasirika. Ila mwenyekiti amekubali: Jumamosi hii hatufagii, tunazibua.

Jumamosi, 28 Machi
Wametoka! Sikuamini. Wamachinga wameondoa meza zao wenyewe. Wabeba mizigo wameshika machepe. Nailoni, chupa, viatu, hadi godoro zima.

Tukakwama kwa Mzee Kishor. Alimwaga zege mbele ya mlango wake ili wateja wapite vizuri, mtaro ukazibwa chini. Akagoma. "Hii nimejenga kwa pesa yangu!"

"Shikamoo mzee. Twende dukani kwangu mara moja tu."

"Marahaba. Kufanya nini?"

Nilimshika mkono. Nikamwonyesha ukuta ulivyooza, alama ya maji inafika kiunoni. Ameutazama toka chini hadi kwenye alama. Akatoka, akaomba nyundo kubwa, akapiga ya kwanza yeye mwenyewe. Mtaa mzima ukalipuka kwa vigelegele. Nami nilipiga mpaka sauti ikakauka.

Jumatatu, 30 Machi
Wajinga sisi. Tope lote tulilirundika kando ya mtaro, kama kawaida yetu, tukaenda nyumbani tukijisifu. Gari la taka halikuja jana, wala leo. Radi inaunguruma. Mvua moja tu na lote linarudi lilikotoka.

Nimelia kwa hasira. Kisha nikapita duka kwa duka. Mzee Kishor katoa kirikuu chake, kigari cha kubebea vyombo. Wauza viazi wametoa viroba. Mikokoteni ikapanga foleni, watu wanataniana, "Oya, mbio, mvua hiyo!" Mwenyekiti kabeba kiroba begani, tope linamchuruzika kwenye shati jeupe. Hadi magharibi, kando ya mtaro peupe kabisa, tope lote liko dampo. Hakuna aliyetusaidia. Tumefanya wenyewe! Nina fahari na mtaa huu, na nitaisema kwa kila atakayenisikiliza.

Alhamisi, 2 Aprili
Mvua tangu alfajiri, kubwa. Nimefika nimelowa. Maji yanakimbia mtaroni, yanateremka zake. Hata hivyo nilisimama mlangoni na ufunguo mkononi, naogopa.

Nimefungua. Nikavua viatu, nikatembea peku taratibu hadi ukuta wa nyuma. Sakafu kavu. Kote.

Mteja wa kwanza amenikuta nimekaa chini, katikati ya duka. Akanisalimia, akauliza bei.