Chupa ya Tatu

Mchafukoge,
Dar es Salaam,
19 Oktoba 2024.

Mpendwa Baba,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo, Baba. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na kwamba goti la Mama limepata nafuu tangu aanze ile dawa ya kuchua. Mjomba Augustino aliniambia korosho zimeanza kuanguka na kwamba safari hii unaokota mwenyewe, hutaki vibarua. Naomba usijichoshe. Mimi mwili ni mzima, nakula na kazini naenda. Huku joto limeshaanza, na Kariakoo ni ile ile: wauza nguo wananadi kwa spika tangu saa mbili asubuhi, sauti zao zinaingia mpaka darasani.

Barua hii nimempa Nice, jirani yangu hapa, anayekuja huko kumuuguza mama yake. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu siku hizi unasikia nusu, Baba, na jambo hili siwezi kulipazia sauti katika nyumba ya kupanga. Mwezi uliopita uliniuliza mara mbili kwa nini nimeondolewa kufundisha Kidato cha Pili, nikakujibu kwamba ratiba imebadilika tu. Haikuwa kweli.

Januari nilikuomba zile kanuni zako za darasa, ulizofundishia sayansi miaka thelathini na moja, nawe ukaniandikia zote kwa mkono wako. Nilizinakili kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nyekundu, nikazibandika juu ya ubao wa maabara. Kila mwanafunzi aliziandika ukurasa wa kwanza wa daftari lake la Baiolojia na mzazi akatia sahihi. Ukichelewa kipindi unasimama nyuma. Huna daftari, huingii maabara. Ile ya nne ndiyo niliyoipenda, nikawa nawasomesha kwa sauti kila Jumatatu: andika ulichokiona kwa macho yako, si alichokiona jirani yako. Chini yake nikaongeza kwamba atakayenakili au kubuni matokeo ya jaribio atapata sifuri na ataondolewa kwenye mashindano ya sayansi. Kwenye hiyo ya nne wewe hukuandika adhabu yoyote. Hiyo niliiweka mimi.

Darasani walikuwa hamsini na wawili. Mmoja wao ni Najma, binti wa Mzee Rajabu, fundi cherehani aliyekuwa akishona sare za shule barazani kwenye nyumba ya zamani ya ukoo wao, mtaa wa pili kutoka shuleni. Ni mtoto mdogo wa umbo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na anauliza maswali mpaka unachoka. Siku moja aliniuliza kwa nini ukungu wa mkate ni wa kijani na wa muhogo ni mweusi. Nilimwambia hilo halimo kwenye mada ya leo. Akaniambia basi atasubiri. Huyo ndiye niliyemchagua kutuwakilisha kwenye mashindano ya kanda.

Mwezi wa tano tulifanya jaribio la kupima chakula. Niliandaa chupa tatu: ya kwanza maji ya wanga wa muhogo, ya pili ute wa yai, ya tatu glukosi. Unachota kidogo kwenye neli ya kioo, unadondoshea iodini. Penye wanga rangi inageuka bluu hadi nyeusi, pasipo na wanga inabaki kahawia yake. Siku moja kabla nilikuwa nimeshawaeleza kila chupa itafanya nini, ili wasipoteze muda. Watoto hamsini na mmoja waliandika kwamba chupa ya tatu haikubadilika. Najma peke yake aliandika kwamba iligeuka bluu, hafifu.

Siku ya kurudisha madaftari nilimwita mbele. Alisema kwa adabu kwamba ndivyo alivyoona, na kwamba alirudia mara mbili kwa sababu hata yeye hakuamini. Wenzake wakacheka. Nikamwambia amebuni. Akainua kidole kuelekea kwenye manila, akaanza, “Lakini Mwalimu, ile ya nne…” Hakumaliza, maana nilimkatisha. Nilimpa sifuri. Nilifuta jina lake kwenye mashindano nikaandika la Elisaria, anayekaa dawati moja naye, kisha nikamtaka aombe radhi mbele ya darasa kwa kudanganya.

Alikataa. Hakulia wala hakunijibu vibaya. Alisema, “Nikiomba radhi ndiyo nitakuwa nimedanganya, Mwalimu.”

Mkuu wa shule aliposikia alisema huo ni ukaidi, mtoto akae nyumbani mpaka mzazi aje. Mzee Rajabu alikuja siku ya tatu, futi yake ya kupimia nguo bado imening'inia shingoni, akaomba samahani kwa kuja na nguo za kazi. Alisikiliza yote bila kunikatiza. Mwisho akaniuliza jambo moja tu, kwa upole, kama mtu anayeuliza kipimo cha kiuno asije akakata kitambaa vibaya. “Mwalimu, wewe mwenyewe uliitazama hiyo chupa?”

Nilimwambia niliitazama, na haikuwa na kitu.

Akainamisha kichwa. Akamwambia binti yake kwamba Mwalimu ameshasema, basi, aombe radhi yaishe. Najma aliomba radhi mbele ya darasa, maneno yote, sauti haitetemeki. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena swali lolote. Kila jaribio aliangalia kwanza daftari la Elisaria, ndipo aandike. Mtihani wa Juni alipata thelathini na nane. Julai tulipofungua shule hakurudi.

Walimu wenzangu walisema ni kwa sababu ya nyumba. Kweli, ndugu walikuwa wameiuza, ikavunjwa kupisha ghorofa la maduka, na Mzee Rajabu akahamishia familia na cherehani yake Kigamboni. Walisema mtoto wa kike hawezi kuvuka kwa kivuko kila alfajiri. Sababu hiyo niliishika kwa mikono miwili. Nilipita pale kila asubuhi nikaona mabati ya ujenzi, nikajiambia, unaona, ni nyumba tu.

Baba, sasa nikwambie nililoficha. Siku ile ile ya jaribio, watoto walipokwisha kuondoka, nilibaki maabara naosha vyombo. Chupa ya tatu ilikuwa na maji kidogo chini. Sijui kwa nini nilifanya hivyo, pengine mazoea, nikadondoshea iodini matone mawili. Ikageuka bluu. Kijiko nilichochotea glukosi ndicho nilichochotea wanga asubuhi, sikukisuuza. Nilisimama pale bomba linamwagika. Wakati huo nilikuwa bado sijasahihisha hata daftari moja. Nilipolifikia la Najma nilijua kwamba yeye ndiye aliyeona, na kwamba wale hamsini na mmoja hawakutazama chochote, waliandika maneno yangu ya jana yake. Wiki hiyo wadhibiti ubora wa shule walikuwa wamekuja kutukagua, na Mkuu alikuwa akiwapitisha maabara kuwaonesha zile kanuni ukutani. Nilimwaga ile chupa. Na baba yake aliponiuliza, nilikuwa na nafasi nyingine, nikaiacha ipite.

Septemba sikuweza tena. Jumamosi moja nilipanda kivuko pale Magogoni kwenda Kigamboni, nikauliza mafundi cherehani mmoja baada ya mwingine mpaka nikawapata. Najma alikuwa amekaa kwenye mashine ya pili, anapinda sketi za shule. Niliwaambia wote wawili, nimesimama, kama nilivyokuandikia hapa. Mzee Rajabu aliacha kukanyaga cherehani. Hakunilaumu. Alimtazama binti yake, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Najma aliniuliza, “Na darasani umewaambia?” Nikasema bado. Akarudi kwenye pindo lake.

Jumatatu niliwaambia darasani. Wengine walicheka, Elisaria alilia, na mmoja wa nyuma akauliza kama alama zao zitapungua. Mkuu nilimwandikia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Alinipa barua ya onyo, akaninyang'anya Kidato cha Pili. Sasa nagawa vitabu stoo na nina vipindi viwili tu vya Kidato cha Kwanza. Hilo silalamikii, na tafadhali usimtume Mjomba Augustino akaniombee.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Kigamboni kuwaambia kwamba nimeshasema, na kwamba jina la Najma bado limo kwenye orodha ya mtihani wa Novemba, nitamfundisha mwenyewe huko huko, nitavuka kila siku. Safari hii Mzee Rajabu alinipokea nje, hakunikaribisha ndani. Alisema amemuuliza mtoto kuhusu shule, naye amejibu kwamba kazi anayo. Kisha akanisindikiza hatua chache, akaniambia taratibu, “Tumekusamehe, Mwalimu, mimi na mama yake. Ila nakuomba usije tena. Siku ile ulipoondoka mtoto hakula mpaka kesho yake.”

Sijaenda tena. Mtihani unaanza wiki tatu zijazo.

Sikuandikii ili unipoze moyo, Baba. Najua huko Masasi unawaambia watu kwamba mwanao anafundisha kama wewe, na nilitaka uache kulisema hilo ukiwa unajua sababu, usije ukaisikia kwa mtu mwingine. Nifikishie salamu kwa Mama, kwa Shangazi Klara na watoto, na kwa Padri akiniulizia. Nice nimempa kanga mbili za Mama na miwani yako ya kusomea, ile ya namba uliyonitajia. Barua hii msomee Mama yote, usiruke mahali. Ukiwa tayari kunijibu, nijibu, hata yakiwa makali nitayapokea.

Wako mwanao,
Ritha.