Mstari Mtupu Kwenye Ubao wa Kilima

Schattleiten, tarehe 9 Oktoba

Mwanangu Lenz,

Pokea salamu za mama yako, na za ng'ombe wawili waliobaki. Je, kifua kimepona? Unaivaa ile fulana ya sufu, au umeitupa kabatini? Mimi sijambo, goti tu linanisumbua nikishuka ngazi. Mwandiko utanisamehe, unajua shule niliachia darasa la nne, kalamu hunitoroka.

Habari kubwa ni kwamba kilima chetu cha kuruka kwa skii kinabomolewa. Theluji haiji tena kama zamani, na mnara mliokuwa mkiteleza kutoka juu yake umeoza miguu. Magogo ya mnara wa kwanza aliyakata babu yako, nao ukazolewa na maporomoko ya theluji. Wa pili tuliujenga sisi, wanaume kwa misumari, wanawake kwa kubeba mawe na masufuria ya supu. Theluji ikiwa haba tuliibeba kwa vikapu kutoka kivulini mwa msitu. Kisha sisi wanawake tuliikanyaga tukiwa na mbao zetu za skii miguuni, ubavu ubavu kama kaa, mpaka ikakaza, ili nyinyi mkitua msivunjike shingo. Kila hatua niliomba.

Kabla ya kubomoa, Mzee Wendelin wa chama cha skii anaandika ubao wa historia utakaotundikwa mkahawani: mwaka wa kujengwa, na jina la aliyeruka mbali kuliko wote. Hapo ugomvi wa zamani ukafufuka. Wewe uliruka mita sabini na nne, lakini jirani yetu Burgl hajachoka kusema kwamba ulipotua mkono wako uligusa theluji, kwa hiyo mruko huo hauhesabiki, na bingwa ni mwanawe Vinzenz mwenye mita sabini na mbili. Mpimaji aliyesimama pale alishakufa. Shahidi wenu nimebaki mimi, niliyekuwa kando na skii zangu, hatua tano tu kutoka ulipotua.

Jumapili iliyopita wakaniita mkahawani. Burgl akaanza kunichokoza mbele za watu: "Haya Zenzi, tuimbie ule wimbo wako wa miaka arobaini!" Watu wakacheka. Nilikuwa nimejiandaa kusema kama siku zote, niliona kwa macho yangu, hakugusa. Badala yake nikaanza kufuta meza kwa kiganja. Mzee Wendelin akaniambia kwa upole nisiwe na haraka, niseme tu nilichokiona.

Mwanangu, keti kwanza. Sikuona kitu. Sijawahi kuona hata mruko wako mmoja. Kila ulipokaa kule juu ya mnara nilifumba macho, nikayafumbua niliposikia skii zimepiga theluji, pa! na watu wanashangilia. Ukija mbio kuniuliza, "Mama, umeniona?" nilikujibu nimekuona, umepaa kama mwewe. Ningemwambiaje mtoto wa miaka kumi kwamba mama yake mwoga? Uongo mdogo ule ukakua mpaka ukaota ndevu.

Ndivyo nilivyowaambia wote. Nikangoja Burgl anicheke. Akavuta kiti, akakaa ubavuni pangu, akasema, "Mjinga wewe, unadhani mimi nilikuwa naangalia? Vinzenz akiruka nilihesabu vifungo vya koti langu. Wa kwako nilimtazama. Wa kwangu sikuthubutu."

Nikarudi nyumbani na neno hilo. Alikutazama, Lenz, naye ndiye anayesema uligusa. Nikakumbuka kwamba miaka yote hii, kila ulipoulizwa ulijibu, "Muulizeni mama, yeye aliona." Hukusema hata siku moja, kwa kinywa chako, kwamba hukugusa. Sikulaumu. Pengine wewe uliegemea macho yangu, nami niliyafumba, tukabebana hivyo hivyo.

Mzee Wendelin ameacha mstari mmoja mtupu mpaka Jumapili ijayo. Anasema wa kuujaza ni wewe mwenyewe. Njoo, useme ilivyokuwa. Ukisema uligusa, matonge ya mkate na nyama ya kukausha yatakuwa yale yale, na sahani yako ni ile ile.

Msalimie mkeo Annelies, asikuache utoke kichwa wazi. Burgl naye anakusalimu, kasema umletee kahawa nzuri ya huko mjini.

Nitakungoja kituoni Jumamosi. Ukishuka kwenye treni nitakuwa nakutazama, macho wazi, mpaka mguu wako ukanyage chini.

Mimi mama yako,
Zenzi