Madabodi Niliyomnunulia Mama Neema

Jumamosi, Kibondo. Mvua tangu alfajiri. Zege halimwagwi, kwa hiyo leo sikuwa na pa kujificha.

Niliyekuwa namkwepa ni Mama Neema, mwenye nyumba wangu. Hapo mbele ana duka la steshenari. Walimu humletea mitihani aichape. Radi iliunguza madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta yake. Kazi zote ziko kwenye SSD, kile kidiski chembamba, na kilipona.

Lori la kazi yetu ya barabara lilikuwa linakwenda Kasulu, Mama Neema akanituma mimi nikanunue nyingine. Alinifundisha cha kuuliza kama anavyofundishwa mtoto: "Usiulize kama SSD inaingia. Uliza kama kompyuta itawaka kwa hiyo SSD."

Dukani Kasulu muuzaji akaniita fundi. Mimi, niliyeishia darasa la sita kule Newala, mbeba zege, naitwa fundi mbele za watu.

"Fundi, chukua hii. SSD yako inaingia bila shida, tazama tundu lake."

Nikatazama tundu. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua.

Sikuuliza.

Jana tuliifunga. Feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi na maandishi meupe: haioni pa kuanzia. Nikaenda chooni, nikampigia muuzaji.

"Hiyo ya zamani kidogo," akasema. "SSD inaisoma, lakini kuwasha kompyuta kwa hiyo SSD haiwezi. Si ungesema, fundi?"

Nikarudi nikamwambia Mama Neema kwamba SSD nayo imekufa. Radi imeiua.

Sijui uongo ule niliutoa wapi. Nilichojua ni kwamba sitaki anione mjinga.

Akaniamini. Akaniwekea ugali wa muhogo na dagaa, akisema nimehangaika sana kwa ajili yake. Leo asubuhi akanisalimia "Mwakeye" huku akipiga makofi polepole, Waha wanavyomsalimia mtu wanayemheshimu. Nikarudi ndani haraka.

Ukuta wetu ni mwembamba. Nikamsikia kwenye simu: "Mwalimu, unisamehe, mitihani yako imepotea. Kosa ni langu, ningeiweka na mahali pengine." Akampigia wa pili. Maneno yaleyale, sauti imeshuka zaidi.

Alipoanza na wa tatu nikashindwa. Nikatoka na mvua ile, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo mitihani ipo?"

"Ipo, mama. SSD ni nzima. Madabodi ndiyo siyo."

Akakaa juu ya ndoo. "Nawaomba walimu msamaha kama mwizi, na wewe umelala humo ndani unanisikiliza!"

 

Jumatatu lori linakwenda tena Kasulu. Huenda muuzaji akakubali kubadilisha, huenda akatufukuza. Nilisema nitakwenda peke yangu, nirekebishe nilichoharibu. Mama Neema amekataa.

"Wewe utabeba kompyuta," amesema. "Kuuliza nitauliza mwenyewe."