Sura ya Mwisho Kama Ilivyoandikwa

Wifi yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na wote wa hapo nyumbani. Mguu wa mama unaendeleaje? Mwambie aache kupanda ngazi kwa ubishi. Sisi huku hatujambo. Mimi ni uchovu tu wa kazi, na Chiriku ana afya ya watu watatu. Jino la mbele limeng'oka, basi maneno ndiyo yamepata njia.

Uliniuliza kwenye simu kama aliipenda ile filamu iliyotengenezwa kutokana na kitabu ulichomletea. Nikakujibu ndiyo, nikaaga haraka. Sikukueleza yote. Leo naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Ulisema kitabu chenyewe hukukisoma, ulipenda jalada. Ni habari za binti anayepita chini ya mlima, yeye na kobe mkubwa kama nyumba, kumtafuta baba yake ambaye mlima ulimchukua awe mlinzi wa moto wake. Nilimsomea Chiriku kila jioni, kurasa tatu, nne. Unanijua, mimi msomaji wa kuburuta. Kwa hiyo nilikuwa nikitangulia kusoma sura ya siku hiyo kazini wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya furushi la mashuka, ili jioni nisije nikakwama mbele ya mtoto. Ndivyo nilivyoijua sura ya mwisho kabla yake. Binti anamkuta baba. Baba anamtambua, anamkumbatia, kisha anamwambia amekwishazoea huko, harudi. Binti na kobe wanarudi peke yao.

Sikuweza kumsomea hiyo. Nilikaza macho kwenye ukurasa, nikasoma maneno yasiyokuwepo: baba akauacha moto, akapanda kobe, wakafika nyumbani chakula hakijapoa. Chiriku akalala anacheka. Kitabu nikakiweka juu ya kabati, nikasema kisije kikachanika, maana naye alikuwa ameshaanza kusoma mwenyewe. Nilipomsimulia mpiga pasi mwenzangu, yule mama mtu mzima tunayemwita Mvuke, akasema nimezidi, sasa napiga pasi mpaka hadithi.

Mwezi uliopita wakabandika bango la filamu hiyo mkabala na duka letu la dobi. Chiriku hunipitia hapo akitoka shule, akaliona siku ya kwanza. Nilimwambia viti vimejaa. Nikamwambia inatisha. Nikamwambia kobe mwenyewe ni wa kuchora tu. Akasema hata wa kwenye kitabu ni wa kuchora na hakulalamika. Mwishowe Mvuke akajitolea kunishikia zamu ya Jumamosi, akaniambia niende nikaone ujanja wangu unaishia wapi.

Kabla taa za ukumbi wa filamu hazijazimwa, Chiriku alikuwa amewasimulia majirani hadithi nzima. Kiti cha pili alikaa mtoto wa kike mwenye miwani. Alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema yeye kitabu kakisoma mara mbili, na baba harudi.

"Mimi nimesomewa na mama yangu," Chiriku akamjibu, kama mtu anayetoa cheti.

Mwenye miwani akanitazama mimi. Nikainama kutafuta kitu kwenye mkoba.

Mlima ulipofunguka na yule baba akatokea, nilimshika Chiriku mkono nikangoja. Wifi, baba akarudi. Wenye filamu nao walikuwa wameibadilisha, kama mimi kabisa. Watu wakapiga makofi. Nikadhani nimepona. Ila Chiriku akamgeukia mwenzake akamwambia, "Umeona? Mwongo wewe." Na yule mtoto, aliyesema kweli tupu, akavua miwani akafuta macho. Nilijua mwongo ni nani pale, nikanyamaza.

Tulipofika nyumbani, Chiriku aliuchukua mto wake kitandani kwangu akauhamishia kwenye kochi. Alisema baba akirudi asije akakuta nafasi yake imechukuliwa.

Asubuhi ya Jumapili nikakishusha kitabu. Nilimsomea sura ya mwisho kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, na nilipokwama alinisaidia. Tulipomaliza alikifunga kitabu mwenyewe. Kisha akauliza, "Na baba yangu je?"

Nikamwambia harudi.

"Amesema mwenyewe, au umesoma hivyo wewe?"

Nikamwambia amesema mwenyewe. Hakunisemesha mpaka jioni. Jumatatu akaniuliza yule mtoto mwenye miwani anasoma shule gani. Tunamtafuta.

Sasa zamu yako, wifi. Kaka yako alinipigia mwezi wa tatu. Alisema huko alikokwenda kufanya kazi ameanza maisha mengine, ana mke, na kurudi hatarudi. Aliniomba niwaambie nyinyi taratibu. Sikuwaambia. Mlipompigia asipokee, nikasema mtandao ni mbaya. Salamu zote mlizopata tangu hapo, na ile habari kwamba anakuja likizo, iliyomfanya mama afue mapazia ya chumba cha mwanawe, nilizitunga mimi. Nilijidanganya kwamba namhurumia mama. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa. Yeye akishatoka, mimi ni nani kwenu?

Nakuomba umwambie mama wewe, akiwa amekaa. Akinikasirikia ni haki yake, nami mwisho wa mwezi nitakuja nisemwe ana kwa ana. Lakini jambo moja silegezi. Mkizungumza na Chiriku, asiambiwe na mtu yeyote kwamba baba yuko njiani, hata kwa kumbembeleza.

Wasalimie wote hapo, wakubwa kwa wadogo. Chiriku anakusalimu wewe na bibi yake, na salamu hizi ni zake kweli, amezisema hapa mezani, mdomo umejaa mkate.

Ni mimi, ambaye mpaka utakaponijibu najiita bado

wifi yako,
Mama Chiriku