Mei Mosi Jikoni Ansab

Dada Zuwena mpenzi,

Nakusalimu kutoka mtaa wa Ansab, Maskati, joto limeshaanza kuchoma. Huku Mei Mosi ni siku ya kazi kama nyengine. Asubuhi nikikanda unga wa chapati, nilimwambia Bi Thuwaiba, bibi ninayemhudumia, kwamba leo Unguja baba anaandamana na wenzake wa bandarini.

Akanipokonya bakuli. "Na mie nimezaliwa huko. Kaa kitako, mikono nnayo."

Chapati zake ziliungua. Akanimiminia chai, akasema, "Miaka miwili wanipikia, sijakwambia ahsante."

Nilizila zote, dada, hata zilizoungua. Mwambie baba kuwa mwaka huu na mimi nimesherehekea.

Mungu akutunzeni nyote.

Nduguyo, Asha