Baba, Chairman Ameniletea Kupe

Kwako Baba, uliyelala kando ya ua wa miiba ya kaiyaba,

Chairman alikuja dukani kwangu Alhamisi. Najua ungeuliza chairman gani, maana huku Bahati kila mtu ni chairman wa kitu. Ni yule wako, mwenyekiti wa kamati ya josho na mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu mmoja mwenye kofia mbili, na chini ya zote mbili hakuna kitu. Samahani. Ulinikataza kumtukana mtu mzima. Lakini nimenyamaza miaka miwili tangu tukuzike, na leo adabu imeniisha.

Unakumbuka ule mkebe wako wa kakao? Ulikuwa unauweka chini ya benchi pale joshoni, ulipokuwa mtunza josho wetu. Kila Jumanne ng'ombe waliruka ndani ya dawa mmoja mmoja, wakiogelea macho yamewatoka, nawe umesimama na fimbo ndefu ukizamisha vichwa. Kisha watu wakaanza kulalamika kwamba ng'ombe wanatoka joshoni na kupe bado wamejazana masikioni. Wote walikuwa na jibu moja: "Hii kupe imezoea dawa." Wewe hukubishana nao. Uliwachuna kupe kwenye sikio la ng'ombe wetu, ukawatia mkebeni, ukawamwagia dawa ya josho, ukafunika. Asubuhi ukaniita. Uliniita Maitu, mama yetu, kwa kuwa nina jina la mama yako.

"Maitu, kuja uone. Hii haijazoea kitu. Ile ilikufa, ilikufa. Hii imebaki ndiyo itazaa. Na watoto watafanana na nani?"

Nilikuwa kidato cha tatu. Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa biolojia alikuwa amefika kwenye somo la evolution, yaani mageuzi ya viumbe, na alilifundisha kama mtu anayebeba kinyesi kwa koleo. "Andikeni hivi kwa mtihani," alituambia. "Kuamini, msiamini." Darasa zima likaandika. Mtu amelipwa mshahara kufundisha kitu, halafu anaomba wanafunzi wasimsikilize! Ila mimi nilikuwa nimeuona mkebe. Jioni nilikusomea kitabu kando ya jiko, nikitafsiri mstari baada ya mstari, nawe ukacheka mpaka ukakohoa.

"Kumbe hata hao walioandika wako na josho?"

Nikakuambia hicho kitu chako kina jina, kinaitwa evolution. Ulilirudia polepole mara mbili, kama jina la mjukuu. Nilijiona nimekuletea zawadi.

Msimu uleule ndigana, homa inayoletwa na kupe, ikaua mitamba kila boma. Wewe ulijua kwa nini. Chairman alikuwa amekuamuru uongeze maji joshoni. "Ongeza tu, mzee, dawa ni dawa." Ulimwambia dawa hafifu inaua kupe wanyonge na kuwaachia wagumu wazae peke yao. Akakuambia Mungu ndiye mlinzi wa mifugo. Basi mifugo ilipokufa, pasta alisimama kanisani akasema ni adhabu, kuna dhambi imefichwa kijijini, atubu mwenye nayo. Jirani yetu mjane, aliyekuwa amepoteza ng'ombe wake wa pekee, alipiga magoti mbele ya watu akaanza kulia na kutaja makosa yake ya usichana. Chairman akapaza sauti: "Amina!" Alijua habari ya maji, na bado alisema amina.

Hapo ndipo uliposimama, na koti lako la kahawia, kutoka kiti cha wazee wa kanisa, maana nawe ulikuwa mmoja wao. Ulisema, "Huyu mama hana makosa. Ni maji tuliongeza." Ukaeleza habari ya mkebe, waliokufa na waliobaki. Kanisa lote lilikuwa linatikisa kichwa kukubali. Nani asingekubali? Kila mtu mle ndani alikuwa na kupe nyumbani. Hata Chairman alitazama viatu vyake. Laiti ungekaa chini wakati huo, Baba. Lakini ulinitafuta kwa macho, ukaniona, ukatabasamu, ukaongeza, "Hata kitabu ya msichana wangu inasema hivyo. Inaitwa evolution."

Halafu mtu wa nyuma akauliza, "Kwa hivyo mzee, wewe ni nyani?" Wakaangua kicheko, na Chairman akapona. Nilimwona uso ukimrudia rangi. Akasema mafundisho ya nyani hayawezi kukaa kwenye kiti cha wazee. Ya maji hayakutajwa tena. Mwezi haukuisha kabla hawajakuondoa kwenye uzee wa kanisa, na walewale waliokuondoa walikuja joshoni Jumanne kukuuliza kama kuna dawa mpya, kwa sababu kupe wamebadilika. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Wakisema wao, kupe wamebadilika. Ukisema wewe, umemkana Mungu.

Nawe hukumkana hata siku moja. Tukitembea kurudi nyumbani uliniambia, "Mimi nimesema kupe. Mungu ndiye aliumba kupe, na hakuficha vile inazaa." Jumapili iliyofuata ulikaa benchi la nyuma na kuimba, na ukaimba hapohapo mpaka ukaugua. Mimi nilikasirika na wewe kwa kuimba kule. Baadaye chuoni nilipata marafiki wa kucheka nao, wasomi waliowaita watu wa kanisa wajinga, wakanywa chai na kupongezana. Nilimwuliza mmoja wao kwa nini dawa ya kupe inashindwa. Akasema, "Si wamezoea?" Hao pia sina haja nao.

Sasa nisikilize, kwa maana hili ndilo linaloninyima raha. Siku ya mazishi yako Chairman alishika maikrofoni akasema ulitubu. Eti ulimshika mkono kitandani ukayakana mambo ya nyani. Baba, nilikuwa chumbani. Nilikuwa nimeshika kikombe chako cha uji. Alikaa muda wa kumaliza chai, na ulimwuliza swali moja tu: "Josho iko na dawa leo?" Akaweka kikombe chini, akaaga. Nilipotaka kuinuka pale mazishini, Mama alinibana goti. "Nyamaza. Wacha azikwe na kanisa." Nikanyamaza. Zamu yangu ilipofika nikasoma kwamba ulihudumu joshoni kwa uaminifu, nikakaa. Walilipigia hilo neno makofi. Nimewadharau wote tangu siku hiyo, lakini wa kwanza kwenye orodha ni mimi.

Basi Alhamisi akaingia dukani, hapo ninapouza dawa za mifugo. Hakunisalimu. Aliweka mkebe juu ya kaunta, akafungua. Ndani kulikuwa na kupe wamelowa dawa, wengine wamekufa, wengine wanatambaa wakipanda ukingoni.

"Hawa ndio walibaki," akasema. "Nipe ya kuua hawa, kabla wazae."

Nikamwuliza nani alimfundisha kupima hivyo.

Akatazama barabarani. "Si ni marehemu."

"Basi sema hivyo Jumapili, kanisani."

"Hiyo ilipita, msichana. Usichimbe."

Nilimpa dawa ya aina nyingine, nikamwandikia kipimo kwa herufi kubwa: USIONGEZE MAJI. Ng'ombe wake hawakukosea. Aliondoka kwa haraka na akausahau mkebe.

Ninao hapa mezani ninapokuandikia, Jumamosi jioni. Kesho kuna ushuhuda, na yeyote anaweza kusimama. Nitasimama na mkebe wa Chairman mkononi, nitasema ulivyouliza kitandani na kwamba hukukana kitu, nitasema maji, na nitasema lile neno lote, evolution, mbele ya yule mjane ambaye mpaka leo anaamini ng'ombe wake alikufa kwa dhambi yake. Naogopa, Baba. Sikufichi.

Nilimwambia Mama saa kumi. Aliendelea kuchambua maharagwe. Lakini sasa hivi nimeingia chumbani nikakuta ametoa koti lako la kahawia sandukuni, amelipiga pasi, amelitundika juu ya rinda langu la kanisani.

Ni mimi, Maitu wako,
niliyelileta lile neno nyumbani.