Namba ya Maman Juu ya Katoni

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Papa amekubali. Mikseri ya maman na masufuria yake matatu ya keki vitauzwa. Alisema bila kuniangalia: "Uza, Carmel. Mtihani haungoji." Prefe, mkuu wa shule yetu, ametupa hadi Jumatatu tarehe 16 kulipa ada ya mtihani wa Serikali. Chuo kikuu anakofundisha papa hakijamlipa tangu kabla ya Noeli.

Nimeosha masufuria tena, ingawa yalikuwa safi. Lile kubwa lina alama ya kisu cha maman. Mikseri bado inanukia vanila. Nilifunga mlango wa jikoni, nikaiwasha kidogo — kuisikia tu. Halafu nikazima.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Nafisa, rafiki yangu wa darasani, ameweka picha kwenye kundi la WhatsApp la kina mama wa keki wa Goma. Akaniuliza namba. Nikampa ya maman!

Simu yake ndogo ninayo mimi. Tangu tulipomzika, mwezi wa Oktoba, ninaitia unite, salio la kupigia, ili laini isikatwe. Papa hajui. Hakuna anayepiga. Ninaichaji tu.

Leo ililia. Nilishtuka hadi nikaiangusha. Alikuwa mwanamke wa Goma, Maman Aimée, mwenye sauti ya kuchekacheka. Anaoka kwa makala, yaani mkaa, na mayai anayapiga kwa mkono: "Mukono inaniuma sawa mutu mwenye kutwanga sombe ya matanga!" Nilicheka. Kisha nikakumbuka kisamvu tulichotwanga sisi mwezi ule wa Oktoba.

Anataka vyote. Ila anataka vifike kwanza, avijaribu, ndipo alipe. Hanijui. Simjui.

Jumapili, tarehe 8 Machi

Baada ya misa kila mtu alikuwa na fundisho lake. Tonton Zagabe, mdogo wa papa: feza mbele, kitu nyuma. "Ukituma bure, mutoto, umetoa zawadi." Papa akamuuliza kama angemruhusu mke wake atume feza kwa mtu asiyemwona. "Bibi yangu hana feza," tonton akajibu, "njo maana niko na amani." Papa alicheka! Kidogo, lakini alicheka.

Nafisa ndiye aliyetupa njia. Baba yake anauza viatu hadi Goma, na kwao wanafanya hivi: mzigo unapewa mtu wa boti anayevuka ziwa. Bandarini mnunuzi anafungua katoni mbele yake, anaangalia, anajaribu. Akiridhika anatuma feza kwa simu palepale. Muuzaji akipata ujumbe anampigia mtu wa boti: "Mupe." Hakuna anayemtangulia mwenzake.

Maman Aimée amekubali. Papa akaniagiza niandike namba yake mwenyewe juu ya katoni, feza ziingie kwake.

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Nimefunga kila kitu kwa kitenge, pagne kuukuu ya nyumbani. Nimechukua feutre, kalamu nene ya wino. Nimeandika namba ya maman.

Sikukosea kwa haraka. Nilijua. Nilitaka mara moja tu ujumbe uingie kwenye simu ile na kusema: Monique, umepokea.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Imefika! Maman Aimée alinipigia akiwa bandarini, kelele nyingi nyuma yake, mikseri ikinguruma kwenye prizi ya umeme ya mtu. Kabla ya kutuma feza aliuliza: "Huku kunatokea jina Monique. Njo weye?"

Nikasema ndiyo.

Ujumbe ukaingia. Jina la maman, kamili. Niliusoma nimesimama, nimekaa, nimesimama tena. Nikampigia mtu wa boti: "Mupe."

Halafu nikaenda kwa kijana anayewatolea watu feza za simu pale kona ya mtaa wetu, Nguba. Akanirudishia simu ya maman: "Tia code yako, dada."

Code. Sikuwa nimeifikiria hata kidogo. Namba hiyo ya siri aliijua maman peke yake.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Nimejaribu mwaka wangu wa kuzaliwa. Hapana. Mwaka wa ndoa yao. Hapana. Ya tatu ikikosea, inafungwa. Sijajaribu.

Kwenye ofisi ya kampuni ya simu, msichana wa dirishani aliniambia kwa upole: aje mwenye laini. Kama amefariki, nilete cheti cha kifo. Watafungua dosie, faili la marehemu, itachukua wiki nyingi, na namba itafutwa. Nikamwambia nitarudi. Sitarudi.

Mchana Maman Aimée akapiga tena. "Maman Monique, keki yangu inapasuka juu. Sababu gani?" Nilipaswa kusema. Badala yake nikamjibu maneno ya maman, yaleyale: punguza makala ya juu, na usifunue kabla haijanukia nyumba nzima. Akasema: "Mungu akulinde, maman."

Nimelia, uso ndani ya mto.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Nafisa amemuuliza baba yake. Kwa kuwa feza hazijatolewa, aliyezituma anaweza kuomba zirudishwe, kisha azitume kwa papa. Ila Maman Aimée ndiye anayepaswa kuomba, na atataka kujua sababu.

"Basi umwambie," akasema Nafisa. "Unaogopa atakuita mwizi?"

Hapana, si hilo. Nikimwambia, hakutabaki mtu hata mmoja anayempigia maman.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Tulikuwa tunakula. Simu ikalia ndani ya mfuko wangu wa shule. Papa aliujua mlio ule. Kijiko kilibaki hewani. Akainuka, akaitoa yeye mwenyewe.

"Allô?"

Sauti ya Maman Aimée ilifika hadi kwangu. "Samahani, papa. Maman Monique iko?"

Papa aliniangalia. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga.

"Iko," akasema. Akaniwekea simu kiganjani.

Keki imeumuka! Haikupasuka! Ni ya ubatizo, na watu wameuliza nani alimfundisha. Nikamwomba anipigie tena baada ya kidogo. Nikakata.

Nimemweleza papa yote: katoni, code, ofisi, unite za kila mwezi. Hakunikemea. Aliuliza tu kama salamu zile bado zimo ndani ya simu, zile maman alizomwandikia kutoka hospitali. Zimo. Amevuta kiti karibu na changu, anazisoma polepole.

Ninaandika hapa nitakachosema, nisije nikakosea: Maman Aimée, miye ni Carmel. Maman yangu

Inalia. Papa ananipa.